Usipa walioanikwa kwenye josho la zamani, na mkwe wangu mjamzito

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri, ingawa sidhani kama humu mpo wengi. Wengine marahaba.

Shule niliishia la tatu, herufi zikipishana mnivumilie. Ila haya sikusimuliwa, yametokea nyumbani kwangu.

Niko huku mwambao wa Nyasa. Mboga yetu ni usipa, wale samaki wadogo wadogo. Mkwe wangu Agnes anaanika, mfanyabiashara wa Mbinga anachukua, anauza mpaka Matiri kwa wenye kahawa zao. Wamatengo wa huko kwa usipa, waacheni tu. Nina shemeji kule, akija kunisalimia anaanza kusalimia gunia.

Sasa kila siku tunaambiwa tuache kuanika mchangani, usipa wanakwaruza meno. Agnes akatafuta mahali pasafi. Akaona sakafu ya josho la zamani, walipokuwa wanaogesha ng'ombe enzi za mkoloni. Saruji tupu, jua linapiga kutwa. Akafagia, akaosha, akaanika. Sote tukamsifu.

Yule mfanyabiashara alitaka kuanza kufunga usipa kwenye pakiti, akapeleka sampuli maabara.

Akanipigia simu, akaniambia: Usipa wenu wana aseniki. Nikamuuliza ndiyo dudu gani hilo. Akasema ni sumu, mzee, inafanya kazi kimyakimya mwilini, na kwa mjamzito inafika mpaka kwa mtoto.

Wakuu, Agnes alikuwa na mimba.

Na mimba yenyewe ilikuwa haitaki kitu ila usipa. Alikuwa anawatafuna wakavu kama karanga, huku anawageuza juani.

Bwana samaki, yule ofisa wa uvuvi, akaja na deli la barafu. Akachukua wabichi kwenye wavu, akachukua wa jirani wa mchangani, akachukua wa Agnes, akakwangua hata ile saruji. Akauliza hapa palikuwa nini. Nikamwambia josho. Akaacha kukwangua, akaniangalia. Kumbe dawa ya kupe ya zamani ilikuwa ndiyo hiyohiyo aseniki.

Agnes naye akachukuliwa mkojo hospitali. Tukaanza kusubiri.

Hapa niwaeleze kitu. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawaongei ovyo. Nikitaka maji ya kuoga namwambia bibi yenu, yeye ndiye anamwambia. Kwa hiyo hata kumuuliza amekula kiasi gani nilishindwa. Nilikuwa namsikia tu jikoni, anaosha sufuria ambayo ni safi tayari.

Siku majibu yanaingia, bibi yenu yuko shamba, mwanangu yuko Songea kwenye kibarua. Simu nikapokea mimi. Nilipomaliza nikasema moyoni nimngoje bibi yenu arudi.

Agnes akatoka jikoni, akapiga magoti mlangoni, uso chini.

"Baba, usimngoje mama. Niambie wewe."

Nikamwambia ziwa ni safi, wa wavuni safi, wa mchangani safi. Wa josho ndio wenye sumu, imetoka kwenye sakafu.

"Na mimi?"

"Imo, mwanangu. Daktari anasema si nyingi. Ukiacha kuwala itatoka kwa mkojo. Mtoto watamwangalia kila kliniki."

Hakulia. Akauliza wale waliobaki tuwape kuku? Nikamwambia hapana, hao kuku tutawala sisi. Bwana samaki akaja kuwachukua wote.

Alipopimwa tena imeshuka. Mtoto bado hajazaliwa. Siku hizi asubuhi namuuliza Agnes mimi mwenyewe kama mtoto anacheza tumboni, na ananijibu. Wazee wenzangu wananisema. Waseme.

Nilichojifunza: kabla hujaanika, hujajenga, hujalima mahali, uliza kwanza palikuwa na nini. Ufagio hautoi kilichoingia kwenye saruji. Na ukiwa na shaka, peleka maabara hata kama unaogopa jibu.

Kama humu yupo ambaye mkewe alikutwa na kitu hiki akiwa mjamzito, naomba aniambie mtoto alikujaje. Hata kama si habari nzuri, andika tu. Nasoma.