Ulezi wa Ndege

Kuchoka kwangu kulianzia kwenye ubao wa kulishia ndege. Anayetaka kucheka na acheke. Miaka ile ya Mwingereza nilikuwa mtunza bustani kwa mjane mmoja wa kizungu, juu kidogo ya Moshi, njia ya kwenda Marangu. Mbele ya baraza yake alisimamisha mlingoti, akaupigilia ubao juu yake, na kila asubuhi mimi niliumwagia ulezi ili chiriku na tetere waje kula, naye awatazame akinywa chai. Kwetu mtoto akizubaa shambani ndege wakala ulezi, anachapwa. Hapa nililipwa mshahara niwakaribishe.

Ndege hawakuwa taabu. Taabu ilikuwa kindi. Nilipaka mlingoti grisi, wakaupanda. Nilifunga bati la debe katikati yake, wakaruka kutoka kwenye mti wa mringaringa uliokuwa jirani. Nilikata matawi ya mringaringa, basi wakaja kima, wakang'oa ubao mzima. Loo! Nilirusha mawe mpaka bega likavimba, na kila jioni memsahibu aliniuliza, "Leo wamekuja wangapi?" kana kwamba mimi ndiye niliyewaalika.

Mwaka huo mvua ilitutupa, ulezi wetu wa kule tambarare ukakauka mchanga. Na mwaka huohuo mke wangu akajifungua mtoto wetu wa kwanza. Kwetu mzazi hukaa ndani miezi mitatu, hashiki jembe, kazi yake ni kulishwa: nyama, mtori wa ndizi, maziwa, uji wa ulezi. Mume akishindwa kumlisha, ukoo mzima unajua. Mama yangu ndiye aliyempikia. Siku moja alinionyesha kibuyu cha ulezi, kitupu, akasema, "Maziwa ya mkeo yanapungua." Kesho yake nilirudi na kibaba cha ulezi niliochota kwenye debe la ndege. Nilimwambia mama nimepewa.

Nikaendelea kuchota. Memsahibu alipoona debe linashuka aliwalaumu kindi, nami sikunyamaza tu, nilimuunga mkono: "Ndiyo, memsahibu, hawa ni walafi sana." Akaleta mitego ya waya. Niliitega mwenyewe, na nikawazika kindi mmoja mmoja chini ya migomba, hadi wakafika tisa. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini ningeanzia wapi kumwambia?

Jioni moja mama alitoka jikoni amekunja uso. "We mwanangu, ulezi gani huu unawasha?"

Nikaonja uji. Pilipili! Memsahibu alikuwa ametwanga pilipili kichaa akachanganya na ulezi, maana ndege hawaisikii lakini huwachoma kindi. Hakuniambia. Mke wangu alikuwa amekunywa bakuli zima kwa njaa, machozi yanamtoka, na mtoto naye analia. Niliona aibu. Nikamwambia mama yote.

Hakunigombeza. Alikwenda kwenye mpaka wa kihamba chetu, shamba letu la migomba, akakata jani la isale, akalifunga fundo. "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole," akasema. "Mpelekee mwenyewe."

Kwetu ukipelekewa isale lazima usamehe, hata kama uliyekosewa umeuliwa ndugu. Mimi mjinga nilidhani kila aishiye mlimani analijua hilo, mzungu na asiye mzungu. Memsahibu alilipokea jani kwa mikono miwili, akashukuru. Nikarudi bustanini mwepesi, nimesamehewa. Nilipopita tena barazani nikaliona kwenye glasi, pamoja na maua ya waridi. "Majani mazuri sana," akasema. "Sasa kaongeze mitego, debe limeshuka tena."

Jamani, nilichoka. Nilivua kofia nikasema, "Memsahibu, si kindi. Ni mimi. Mke wangu ni mzazi, ana mtoto mchanga, na nyumbani hakuna ulezi."

Akaniuliza, "Na wale tisa?"

"Walikula kidogo tu, memsahibu."

Akajifunika uso, akalia. Alilia kweli, mabega yakimtetemeka, hata mimi nikamwonea huruma. Alipomaliza aliniambia niweke panga stoo na nisirudi tena.

Kunifukuza sikumlaumu, mwizi ni mwizi. Mke wangu alimalizia miezi yake kwa mtori na maziwa waliyoleta wanawake wa ukoo, akatoka nje mzima. Lakini siku ile, nikipanda mlima kurudi nyumbani, miguu mizito, niliwaza jambo moja tu, na mpaka leo halijanitoka. Kindi wale aliwalilia wote tisa. Kuhusu mtoto wangu hakuuliza hata kama ni wa kike au wa kiume.