Mistari Kumi na Tisa Niliyoifuta Kanisani

Kanisa letu nje kidogo ya Kiganjo huonyesha nyimbo ukutani kwa programu huria, yaani ile ambayo yeyote anaweza kusoma msimbo wake na kuubadilisha. Yeyote, huku kwetu, ni mimi. Nilisomea fasihi chuo kikuu, nikajifunza kuandika programu nikiwa na mvi, na tangu hapo nimekuwa hatari kwa jamii.

Asubuhi moja niliketi kutafuta kila anwani ya mtandao iliyokuwa ndani ya msimbo ule. Nyingi zilikuwa za maelezo tu. Moja ilikuwa ya seva ng'ambo: kila tulipofungua programu, ilipelekewa lugha tuliyochagua na namba ya wimbo. Hakuna aliyetuomba ruhusa. Nikapandwa na hasira tamu, ile ya mtu aliyepata hoja. Nilifuta mistari kumi na tisa, nikajaribu, seva haikupata neno. Toleo langu safi nikalipeleka Naro Moru na hata Wang'uru, kwenye makanisa mengine mawili yanayoimba Kikuyu kwa programu hiyo.

Wakati wa matangazo nilieleza jinsi nilivyowakomboa waumini, nikapigiwa makofi ya kilo. Mama yangu, ambaye macho yake yameshindwa na kitabu kidogo na sasa husoma ukutani tu, alipiga kuliko wote.

Miezi kadhaa baadaye likatoka toleo jipya. Nikalisafisha, nikalisambaza kote bila kusoma maelezo yake, kwa kuwa sisi wataalamu hatusomi maelezo. La zamani nililifuta, kwa usafi uleule. Jumapili ukuta ukawaka Kiingereza kitupu. Waliojua wimbo kwa kichwa waliimba. Mama alisimama amefumba mdomo.

Maelezo niliyasoma palepale, kiti cha nyuma. Lugha ambazo kwa hesabu ya seva ile hazikuwa na mtumiaji hata mmoja zilikuwa zimeondolewa ili kupunguza uzito wa programu. Kumbe watumiaji wa Kikuyu duniani tulikuwa sisi tu, na aliyetufuta ni mimi.

"Mwalimu," kiongozi wa kwaya akaniambia mlangoni, ingawa sijawahi kufundisha mtu, "umetuficha vizuri mpaka tumepotea."

Mama hakucheka. Yeye huniita baba, kwa sababu nilipewa jina la babake.

"Baba," akasema, "si uwaambie tuko?"

Niliwaandikia wenye programu. Nikataja makanisa yote matatu, wazee wasioona herufi ndogo, nyimbo tunazoimba tukizika na tukiozesha, hata jicho lipi la mama lina ukungu. Barua moja ilitoboa mambo ambayo mistari kumi na tisa isingeyajua kamwe.

Kikuyu kikarudi, pamoja na mistari ile. Safari hii sikuifuta, niliongeza swali tu. Kabla ya wimbo wa kwanza ukuta huuliza, kwa herufi kubwa, kama tunakubali kuhesabiwa. Kwaya hunigeukia. Mimi huangalia viatu vyangu. Mama hujibu kutoka kiti cha mbele kwamba waambiwe tuko, nami nabonyeza, na kabla wimbo haujatokea wote yeye ameshaanza kuimba.