Mtoto wa Kiangazi

Juzi nilikuwa katika duka la dawa hapa Bungoma, na mama mmoja mbele yangu akafungua chupa ya ile dawa ya kutuliza tumbo la watoto, anuse kama ndiyo anayoijua. Harufu yake tamu ya shamari ikanifikia pale niliposimama, nikamkumbuka mdogo wangu, ambaye alikaa nasi kiangazi kimoja tu.

Tuliishi Kitale wakati huo, miaka ya themanini, Baba akiendesha trekta katika shamba kubwa la mahindi. Mimi ni Nekesa kwa kuwa nilizaliwa watu wakivuna. Kwetu Wabukusu, ukisikia jina la mtu, mara nyingi unajua mashamba yalikuwaje siku alipozaliwa. Mdogo wangu alikuja wakati wa jua kali, na mvulana wa wakati huo huitwa Simiyu. Majirani walioleta sukari na unga walimwita hivyo bila hata kuuliza. Baba akawaambia kwa sauti ya chini, iliyonitisha kuliko kama angefoka, "Huyo si Simiyu." Kisha akatoka nje.

Basi akaitwa Mtoto. Mama hangeweza kumpa jina mwenyewe, maana jina hutoka upande wa baba. Naye Mtoto alilia tangu asubuhi hadi jua kuzama. Mama alimpa dawa kwa kijiko, nami nikambeba mgongoni mpaka gauni langu likanuka shamari. Niliamini analia kwa sababu sote tuna majina isipokuwa yeye, kwa hiyo nikajaribu kumpa la paka wa jirani. Hakulitaka.

Mwishowe Mama alitupeleka Kamukuywa kwa mamake Baba, tuliyemwita Kukhu. Kukhu alimpakata Mtoto, akaanza kuwataja marehemu wa ukoo mmoja mmoja, akingoja kila mara kuona kama atanyamaza, maana mtoto akinyamaza ndipo anapoitwa jina hilo. Akamtaja babu aliyefuga nyuki, akamtaja na mwingine ambaye, wanasema, aliogopa majogoo. Mtoto akaendelea kulia tu.

Senge, dada yake Baba, alikuwa mlangoni akichambua majani ya kunde. Bila kuinua macho akasema, "Simiyu."

Mtoto akanyamaza.

Huenda alikuwa amechoka tu. Lakini nilimwona Kukhu akikaza midomo. "Hapa hatuna mtu wa jina hilo," akasema, akamrudisha Mtoto mikononi mwa Mama.

Tukienda kisimani, Senge alinieleza. Simiyu alikuwa kifungua mimba wa Kukhu, kaka mkubwa wa Baba. Alijitoa uhai akiwa kijana, na Baba ndiye aliyemkuta. Mtu wa kifo kama hicho hazikwi kwa nyimbo, wala hakuna anayemlilia mbele za watu, na jina lake hapewi mtoto yeyote, asije akalirudisha lile jambo nyumbani.

Mama alimsihi Kukhu ampe mtoto jina lolote. Kukhu akasema tungoje mvua, labda hapo angeweza kumwita Wafula, kana kwamba mtoto angezaliwa upya mvua ikinyesha.

Mvua haikumkuta. Tuliporudi Kitale kifua kilimbana, Baba akamkimbiza hospitalini, akarudi mikono mitupu.

Tulimzika Kamukuywa, nyuma ya nyumba ya Kukhu. Mhubiri akauliza tunamzika nani. Baba akatazama viatu vyake. Ndipo Mama, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti mbele ya mama mkwe wake, akasema, "Simiyu. Mnamzika Simiyu."

Hakuna aliyempinga. Kukhu aliketi chini kwenye udongo mbichi, akalia kwa sauti ambayo sijaisikia tena, akiita, "Mwanangu, mwanangu." Nilimchukia. Nilifikiri anajifanya, kumlilia mjukuu aliyemnyima jina.

Nilikuwa tayari nimezaa wangu nilipong'amua kwamba Kukhu hakuwa akimlilia mjukuu wake siku ile, au si yeye peke yake. Miaka yote hiyo alikuwa hajaruhusiwa kumlilia mwanawe. Siku ile alipowataja wafu wote wa nyumba ile, alipita kando ya jina moja tu, na hilo ndilo alilotamani kulitamka kuliko yote. Lakini kuelewa kwangu hakukumfaa mtu. Kukhu alikuwa ameshakufa, na Mama hakupata mtoto mwingine. Tangu mazishi yale Mama hamtaji mdogo wangu kwa jina lile wala kwa lingine.

Hilo jina sasa lina vifo viwili. Mwaka juzi mke wa binamu yangu wa Kamukuywa alijifungua mvulana katikati ya kiangazi. Wamemwita Brayani, na hakuna aliyeuliza kwa nini.