Amri Ilikuwa Imeshatoka

Wanasema sokoni Mwanga, hapa Kigoma, kwamba mimi ni mchawi, nachapa karatasi bila faili. Wanaosema hivyo wana simu kubwa mifukoni na hawajui hata picha zao zinakaa wapi. Kwa mdomo sijawahi kuwajibu. Nawajibu hapa, maana kuandika najua na kuchapa najua.

Niliondoka Kigoma kwa treni, na hakuna aliyenisindikiza stesheni. Dar es Salaam nilifua nguo za watu, nikauza uji stendi alfajiri, mchana nikakaa darasani mpaka nikapata diploma ya kompyuta. Hakuna mjomba aliyenichangia. Nilivyorudi ndipo wajomba wakaanza kujitokeza, kila mmoja na mtoto wake wa kuajiriwa. Sikumwajiri yeyote. Nilifungua steshenari yangu, nikaitundika diploma ukutani mahali ambapo anayeingia ataiona kabla hajaniona mimi.

Kompyuta yangu niliijenga mwenyewe kwa vipande vya mashine zilizotupwa na watu wenye pesa. Haina madirisha ya rangi wala picha ya maua. Ukiiwasha unapata ukurasa mweusi na maandishi meupe. Nikitaka kuchapa naandika amri, idadi ya nakala na jina la faili, nagonga Enter, basi. Virusi vinavyohama kutoka flashi hadi flashi mjini humu, na kuwageuzia watu barua zao kuwa takataka, kwangu havijapata pa kukaa. Jamaa wa steshenari ya ng'ambo ya barabara alikuwa akisimama mlangoni kwake na kupaza sauti wateja wasikie.

"Profesa! Hata kipanya hujanunua?"

"Kipanya ni cha wasiojua kuandika," namjibu.

"Na hiyo skrini nyeusi, umefiwa?"

Watu wanacheka. Wacheke. Mteja wa Mwanga ana tabia yake: anavuta kiti, anakaa begani kwako, anataka ukurasa wake ujae kioo kizima, aupitie mstari kwa mstari kwa kidole kinachonuka samaki wa migebuka. Asipouona kwenye kioo, kwake hakuna kazi iliyofanyika. Nilishachoka kuwaelimisha. Ujinga wa mtu ukimkaa vizuri, mwachie.

Asubuhi moja aliingia mwanamke wa makamo yangu, kanga ya msiba kiunoni, macho yamevimba. Alikuwa ametoka Kalinzi kwa bodaboda. Baba yake, mkulima wa kahawa, alikuwa anazikwa mchana huo huo. Alinipa flashi yenye wasifu wa marehemu, ulioandikwa na mwalimu wa kule kijijini.

"Dada, nisaidie nakala mia moja. Na uwahi, tafadhali."

Haraka yake aliieleza bila kuulizwa. Marehemu alifiwa na mke wa kwanza, akamwoa mama wa mwanamke huyu kanisani, wakazaa watoto na kupanda kahawa pamoja. Sasa baba yake mkubwa, kaka wa marehemu, alikuwa anataka wasifu umtaje mke wa kwanza tu. Kwetu wasifu unaosomwa kaburini ndio ushahidi. Aliyetajwa ndiye anayeitwa kuweka shada la maua, na kikao cha ukoo kikikaa baada ya matanga, asiyetajwa anaambiwa afungashe, shamba si lake.

"Mama yangu amechuma ile kahawa mpaka vidole vimepinda," alisema. "Wakimruka leo mbele ya watu, kesho wanamtoa."

Nilichomeka flashi. Nikaandika: lp -n 100 wasifu.pdf. Nikagonga Enter. Kompyuta ikajibu kwa mstari mmoja kwamba imeipokea kazi. Printa ikawasha taa ya njano: karatasi zimekwisha. Niliinama chini ya meza kuchukua rimu mpya, na nilipoinuka mlango ulikuwa umezibwa na mzee mwenye koti zito na fimbo.

"Shikamoo, baba mkubwa," yule mwanamke alisema.

Hakuitikia. Nami nilimwamkia, hakuniitikia vilevile. Alikuja mpaka kwenye meza yangu.

"Wewe binti, umeshamchapia huyu?"

"Unaona karatasi yoyote, mzee?"

Akatazama printa, imenyamaza. Akaja begani kwangu, akatazama kioo. Alikuwa anatafuta ukurasa wenye picha ya mdogo wake na msalaba juu. Akakuta weusi mtupu na mstari mmoja asioujua.

"Hii hata haijawaka," alisema. Akacheka kidogo puani. "Na diploma umetundika."

Akanyoosha mkono, akachomoa flashi bila kuniomba, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Halafu akamgeukia mtoto wa mdogo wake.

"Mwambie mama yako akae na wanawake wenzake jikoni. Mambo ya ukoo yana wenyewe."

Akatoka, akavuka barabara, akaingia kwa jamaa wa ng'ambo. Nilimwona anampa karatasi yake iliyoandikwa kwa mkono, na jamaa anapangusa kiti ili mzee akae aone kioo.

Yule mwanamke alikuwa ameshika kichwa. "Basi tena, dada. Flashi ameondoka nayo."

"Ameondoka na plastiki," nilimwambia. "Funga mlango."

Amri ikishatoka, kompyuta inachukua nakala ya faili na kuiweka foleni ndani yake. Haihitaji flashi tena, haihitaji kioo, haihitaji ruhusa ya mzee mwenye fimbo. Inachosubiri ni karatasi tu. Nilipasua rimu, nikaipepeta, nikaijaza printa. Ikakohoa, ikavuta ukurasa wa kwanza. Marehemu akatoka na picha yake, na chini yake jina la mke wake wa pili, zima, na watoto wake wote. Yule mwanamke aligusa karatasi ikiwa bado ya moto. Nikazifunga kwenye mfuko wa rambo, kisha nami nikafunga duka. Nilitaka kuona.

Tulipita Mwandiga, tukapanda milima mpaka Kalinzi, bodaboda inanguruma kwa tabu. Wanaume walikuwa kaburini, yule mzee akielekeza watu wafunge turubai. Wanawake wa jikoni walizigawa karatasi wakati wanagawa maji. Hakuna anayeangalia wanawake wanaogawa maji.

Msomaji, kijana wa kamati ya mazishi, alisimama na karatasi aliyopewa na mzee. Akasoma kuzaliwa, ubatizo, ndoa ya kwanza, watoto wa ndoa hiyo. Akaruka moja kwa moja kwenye ugonjwa. Minong'ono ikaanza nyuma.

"Msomaji," mwanamume mmoja aliita, "karatasi yako imeliwa na mbuzi? Kwenye zetu kuna mke wa pili hapa!"

"Na watoto hawa je?" akadakia bibi mmoja, akimtikisa jirani yake. "Hebu nisomee tena hapo."

Watu walikuwa wanainua karatasi juu. Mchungaji aliomba moja, akaisoma kimya, akamtazama mzee. Ndoa ile aliifunga yeye mwenyewe.

"Soma hii," alimwambia msomaji.

Ikasomwa. Jina la mama likatajwa kwa kipaza sauti, bonde likalirudisha. Mashada yalipofika, wa kwanza kuitwa alikuwa yeye. Alitoka jikoni, kitenge chake kina majivu, akaweka maua kwa vile vidole vyake, na hakuna aliyethubutu kumzuia.

Mzee alinikuta nikitafuta bodaboda ya kurudi.

"Mlichapa lini? Kwa faili gani?" Akaitoa flashi, akaniwekea mbele ya pua. "Flashi ninayo mimi!"

"Kaa nayo, mzee," nilisema. "Mimi nilishamaliza nayo kabla hujaingia."

Ndiye aliyeanza habari za uchawi, na jamaa wa ng'ambo anazisambaza mpaka leo. Wateja wengine wamenikimbia, waende. Mama yule bado anachuma kahawa yake. Msimu huu alinitumia debe zima, na salamu kwamba mzee anapita nje ya shamba bila kugeuza shingo.