Chelezo cha Mistari Mitatu

Siku ile naikumbuka kwanza kwa ukungu wake, mwanangu. Ulishuka kutoka milimani juu ya Chimala ukafunika mto, hata ng'ombe wa ng'ambo tukawasikia tu bila kuwaona.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami kijana, nimetoka kwetu Iringa kwa miguu na kwa malori, miguu inaniwasha kwa hamu ya njia kama inavyoniwasha hadi leo. Shangazi yangu alikuwa ameolewa huko Chimala, nikafikia kwake. Wazee walisema mgeni ni kuku mweupe. Mimi nilidhani weupe ule ni sifa.

Nyumba ile ilikuwa na msiba. Yohana, mtoto wa pekee wa shangazi, alichukuliwa na mto wakati wa masika, na mwili haukuonekana. Shangazi aliishi kwa uji. Ila wiki ile niliyofika alianza kula ugali kidogo, na baba Yohana, mumewe, akawa anamtazama akila kama mtu anayetazama moto unaotaka kushika kwenye kuni mbichi.

Kazi yangu ya kupitisha siku ilikuwa kutengeneza vyelezo, vile vidude vinavyoelea juu ya maji na kuzama samaki akiuma. Unachukua bua kavu la mtama, unalitoboa kwa waya wa moto, unapitisha mwiba wa nungunungu katikati, kisha unaziba kwa nta ya nyuki. Rangi nazo ni za jikoni: masizi ya chungu na mafuta ya nyonyo, udongo mwekundu, udongo mweupe. Nilipaka kwa unyoya wa kuku.

Shangazi alipita na ndoo nikiwa bado kwenye mstari wa kwanza, akasimama. "We mtoto wa kaka! Unaremba hivyo, samaki wanakuja kuposa?" Akacheka. Baba Yohana aliposikia kicheko kile aligeuza uso, akajifanya anatafuta jembe.

Baadaye akaja kuninong'oneza. "Mwanangu, hicho chelezo kikikauka nionyeshe kabla hakijagusa maji. Hapa kila mvuvi ana mistari yake. Na mingine haipakwi tena."

"Sawa, baba," nikasema, kama kijana asemavyo sawa.

Asubuhi chelezo kilikuwa kimekauka. Baba Yohana alikuwa ameenda shambani kwenye mpunga; kumfuata ni mwendo, na samaki hawamngoji mtu. Nikaenda mtoni, ndani ya ukungu ule. Nilikuwa nimepaka mstari mweusi chini, mweupe katikati, mwekundu kwenye ncha. Mpangilio ule, mwanangu, sikuuchagua. Hakuna aliyenionyesha. Unyoya ulikwenda tu.

Nikatupa ndoana. Chelezo kikasimama wima, kikatulia. Kisha kikaanza kwenda, polepole, bila kuzama. Kilikuwa kinapanda mto. Majani yalipita kando yake yakiteremka, nacho kinapanda, na uzi mkononi mwangu ulikuwa umelegea, hauvutwi na kitu. Vyura wakanyamaza.

Nyuma yangu ndoo ikaanguka.

"Yohana," shangazi akaita, kwa sauti ya kumwita mtu aje ale. "Yohana, umechelewa."

Akaingia majini. Alikuwa amefika kifuani nilipomshika, na nguvu alizokuwa nazo si za mwanamke aliyeishi kwa uji. "Niache! Huoni chelezo chake? Huoni anavua?" Nilimburuta hadi ukingoni tukaanguka matopeni. Nilipovuta uzi, ndoana ilikuwapo. Chelezo hakikuwapo, na fundo nililokifungia lilikuwa bado limekazwa.

Baba Yohana hakunipiga. Alisikiliza yote, akaniuliza mistari, nikamtajia. Nikatamani anipige.

"Tulimzika bila mwili, kwa machozi peke yake," akasema. "Wewe umemfukua kwa unyoya wa kuku."

Jioni ile shangazi alipakua ugali sahani mbili, moja akaifunika kwa kawa, akaketi kuisubiri. Yake hakuigusa.

Nikaondoka. Nilipopita tena baada ya miaka, nimeshazunguka Mbeya nzima, shangazi alikuwa mzee, baba Yohana amekufa. Alinikaribisha vizuri. Nilipotaka kukaa kwenye kigoda kilichokuwa wazi, akanizuia kwa upole. "Hapo pana mtu, mwanangu. Nguo zake bado mbichi." Nikatazama. Chini ya kigoda udongo ulikuwa umelowa.

Maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hiyo nakuambia: ukifika kwa watu, kazi ya mikono yako waonyeshe wenyeji kwanza, hata kama ni kidude cha bua. Huoni walichozika, nao hawawezi kukutajia vyote. Ukiambiwa ngoja, ngoja, hata samaki wapite, wapo wengine.

Mungu akupe mikono yenye ustadi na miguu isiyo na pupa. Kila mlango utakaoingia, watu wake wakuone ukitoka wakiwa bado wanakula.