Nilifuta tanzia ya mama mkubwa kwenye blog yangu, na leo naitafuta

Wakuu, heshima kwenu wote, wakubwa kwa wadogo.

Hiki kisa ni changu mwenyewe, sitii chumvi. Nimebadilisha majina tu, maana wahusika wengi wapo na wengine humu wanaingia kimyakimya.

Najua mkisikia Sumbawanga wengine mnasogeza kiti mkitegemea ungo na radi. Samahani sana, hapa hakuna anayepaa. Ni habari ya blog.

Enzi hizo blog ndiyo zilikuwa zimepamba moto. Nilikuwa na kibanda cha stationery pale mjini: kompyuta moja, printa moja, na modemu ya kuchomeka iliyokuwa inashika mtandao pale inapojisikia.

Blog nilijifunza peke yangu, kwa kubonyeza na kuona kitatokea nini. Mwanzoni niliandika posti nyingi nikashangaa hakuna anayeziona, kumbe zote nimeziacha kwenye draft. Msicheke, kila mtu ana siku yake ya kwanza.

Nilikuwa naandika maisha ya kawaida tu ya Ufipa. Baridi ya mwezi wa sita inavyotufanya tuogope maji. Ugali wa ulezi. Mifugo ya Wasukuma ikipita na watoto wetu wakikimbia shule kwenda kuangalia.

Wasomaji walikuwa wachache, na wa kwanza wao ni dada Skola, mtoto wa mama mkubwa. Alikuwa Dar, fundi cherehani. Kila Jumamosi alikuwa anaingia internet cafe ya jirani na kwake, anasoma, halafu anaacha komenti ya kunikosoa. Nilikuwa nazisubiri komenti zake kuliko za mtu mwingine yeyote.

Nyumbani hakuna aliyekuwa na mtandao, kwa hiyo nilikuwa naprinti. Baba mdogo Desderi, ambaye ndiye mzee wa ukoo wetu aliyebaki, alizipenda sana. Nikimpelekea kule kijijini Mollo anavaa miwani, anasoma mpaka mwisho, anaikunja anaiweka kwenye kitabu chake cha nyimbo. Nakala nyingine nilikuwa nampa kondakta wa basi la Kate awafikishie ndugu wa huko.

Kwa hiyo kwa baba mdogo, blog ilikuwa ni karatasi. Shikeni hapo, maana ndipo balaa lilipoanzia.

Mama mkubwa Georgina akafariki.

Alikuwa mpishi wa shule ya misheni kule Kaengesa kwa miaka mingi, akastaafu akarudi Mollo. Mimi mwenyewe nimekulia mikononi mwake. Nikisema mama mkubwa, elewa ni mama.

Sasa kwetu, mtu aliye mbali hapewi msiba kwa simu. Anaambiwa mgonjwa kazidiwa, njoo. Akifika anapelekwa kwanza nyumba ya jirani, ananawa uso, anapewa chai, anakalishwa katikati ya wazee, ndipo anaambiwa. Vijana wa sasa mnaona ni kupoteza muda. Ule muda ndio unaomshika mtu asidondoke.

Na kwa dada Skola ilikuwa lazima zaidi. Baba yake alipofariki, kuna ndugu mmoja asiye na simile alimpigia simu akamwambia palepale. Dada alianguka barabarani, presha ikapanda, akalazwa, hata mazishi hakuwahi.

Safari hii baba mdogo alitukusanya wote. "Skola asiambiwe na mtu yeyote. Nitamwambia mimi, akiwa amekaa."

Tukampigia tukamwambia mama kazidiwa. Kesho yake alfajiri akapanda basi. Miaka hiyo safari ilikuwa ya kulala Mbeya, halafu unaanza upya asubuhi kuitafuta Sumbawanga kwenye vumbi.

Asubuhi ile dada yuko njiani, baba mdogo akaniita pembeni.

"Mwanangu, toa ile karatasi yako. Watu wa Kate wapate habari, na wale wa Kaengesa waliolishwa na mama yako."

Nikamjibu, "Sawa, baba mdogo."

Wakuu, mazoea ni kitu kibaya. Karatasi yangu siku zote ilikuwa inaanzia kwenye blog. Nikaenda kibandani, nikaandika tanzia vizuri, nikaweka picha yake akiwa amevaa kitenge cha kwaya, nikabonyeza publish. Ndipo nikaprinti, nikamkimbilia kondakta stendi. Dada Skola hakunipitia kabisa kichwani. Alikuwa kwenye basi, na mimi kwa akili yangu internet ilikuwa kitu cha cafe, cha Jumamosi.

Nikashinda msibani, na niliporudi kibandani alasiri nikakuta komenti zinamiminika. Wanafunzi wa zamani wa Kaengesa, wapo kila kona ya nchi, kila mtu anamkumbuka mama na maharage yake. Sijawahi kupata komenti nyingi vile. Nikawa nasoma huku nalia, na nikisema kweli, nikajisikia fahari kidogo.

Ndipo ikaingia hii, naikumbuka neno kwa neno:

"Poleni sana ndugu. Mimi ni jirani wa Skola huku Dar. Nimemsindikiza stendi alfajiri, hakuniambia kama mama ameshafariki. Anajua kweli? Maana siku hizi ana simu ya internet, kutwa yupo kwenye blog yako."

Nikairudia kuisoma: simu ya internet.

Nikakimbilia kufuta, modemu ikagoma. Nachomoa, nachomeka, taa inawaka nyekundu tu. Nikamwona dada Skola anaanguka kwenye ngazi za basi, Iringa huko, hakuna anayemjua. Nikafunga kibanda nikakimbia mpaka internet cafe ya pale mjini. Mashine zote zina watu. Nikamwomba dada wa cafe anisaidie, nadhani alinionea huruma kwa nilivyokuwa nahema, akamsimamisha mteja mmoja.

Nenosiri nakosea. Narudia, nakosea tena. Mwishowe yule dada wa cafe akaniambia, "Kaka, nitajie, niandike mimi." Nikamtajia nenosiri langu mbele za watu wote.

Tukaingia. Sikuwahi kufuta posti hata siku moja, sikujua pa kubonyeza. Tukahangaika nayo tukapaona. Ikaniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo. Tukafungua upya, ukurasa ukaandika kuwa hakuna kitu.

Nikashusha pumzi. Nikajiambia Mungu ni mwema, nimewahi.

Jioni dada akapiga simu kutoka Mbeya. Sauti yake ilikuwa ngeni, kama mtu mwenye mafua.

"Mdogo wangu, mama yupo?"

"Yupo, dada. Anakusubiri."

Akasema, "Haya. Ashukuriwe Mungu," akakata.

Nikaamini hakuona kitu. Lakini moyo haukutulia. Kesho yake yote sikula. Nilikuwa nawaza labda kuna blog nyingine imeinakili ile tanzia. Nawaza atafungua akifika Tunduma, mtandao ukiwepo. Simu ikiita nashtuka, isipoita nashtuka zaidi. Baba mdogo akawa ananiuliza kama naumwa malaria, nikawa naitikia.

Basi likaingia. Dada akashuka na begi moja na mfuko umejaa parachichi.

"Nimenunua Mbeya asubuhi," akatuambia tuliompokea. "Yameiva vizuri. Mama hatapata shida ya kutafuna."

Mwenzangu mmoja akampokea mfuko, akageukia pembeni.

Tukampeleka kwa jirani. Akanawa, akanywa chai, wazee wakakaa. Baba mdogo akamwambia kwa utaratibu wake wote, kama alivyoahidi. Dada hakuanguka. Hakupiga hata kelele. Aliniangalia mimi, akanitazama hivyohivyo mpaka nikainamisha kichwa.

Baada ya mazishi akanikuta nyuma ya jiko, akakaa karibu yangu.

"Niliisoma Makambako," akasema. "Gari lilisimama watu wale, mimi nikafungua simu. Nikalia. Mama mmoja wa kiti cha pembeni akanishika mpaka Mbeya, hakunijua, lakini alinishika. Kufika Mbeya nilikuwa nimeshajua kuwa sina mama. Nikafungua tena nisome komenti za watu, nikakuta haipo. Nikasema basi, huyu alikosea, mama mzima, ndiyo maana amefuta. Nikakupigia. Ukaniambia yupo."

Nikawa naokota vijiti vya kuni pale chini.

"Nimelala Mbeya nacheka peke yangu," akasema. "Umenifanya nifiwe na mama mara mbili kwenye safari moja."

Hakulisema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Angenitukana ningepumua.

Baadaye nilimweleza baba mdogo yote. Akaniuliza, "Sasa karatasi ya Kate ilifikaje Makambako?" Ndipo nikaelewa kuwa nilikuwa namprintia kila wiki, na sikuwahi kumweleza kitu chenyewe ni nini.

Nilichojifunza, wakuu, ni kwamba kabla hujabonyeza publish kwenye habari ya msiba, jiulize nani hajaambiwa. Hilo wengi mtanipa. La pili ndilo gumu: kitu kikishatoka, usikifute kimyakimya ukadhani umekirudisha kwenye kalamu. Kuna mtu ameshakisoma, na ukimya wako anautafsiri anavyotaka moyo wake. Mimi niliogopa simu itamwangusha dada. Kilichomwangusha ni lile tumaini nililompa.

Sasa sababu hasa ya uzi huu.

Dada Skola yupo, mzima, ana wajukuu. Juzi alikuja likizo akaniuliza kama ile posti inaweza kurudi. Nimehangaika nayo, hairudi, sikuwa na nakala ya komenti. Karatasi ya baba mdogo ipo, lakini ina tanzia tu.

Anachotafuta ni komenti moja. Anasema ilikuwa ndefu, ya mtu aliyesoma Kaengesa. Aliandika kuwa aliwahi kuugua akiwa shuleni, na mama Georgina akawa anamletea uji wa ulezi bwenini kila asubuhi, na siku moja akakaa kitandani kwake akamwambia neno ambalo hajalisahau. Dada aliishia hapo. Gari lilipiga honi, mtandao ukakata, na alipofungua tena nilikuwa nimeshafuta. Mimi sikuiona, nadhani iliingia nikiwa nakimbilia cafe.

Kama ni wewe uliyeiandika, au unamjua, tafadhali iandike hapa chini. Wengine karibuni mseme yenu, hata ya kunisema nayapokea.

Dada anataka tu kujua mama yake alisema nini.