Chawa Nilivyowapeleka kwa Jirani

Mimi ni msusi hapa Soweto, Mbeya, na juzi mdomo wangu uliniponza. Nilimkuta binti yangu Neema akijikuna kichwa hadi machozi. Kumpekua nywele, chawa! Sikujiuliza wametoka wapi. Nikamkokota hadi kwa jirani, Mama Tumaini, ambaye binti yake hucheza na wangu.

"Mnatuletea chawa!" nilifoka, nikihakikisha mtaa mzima unasikia. "Watu wengine uchafu mmezaliwa nao!"

Majirani wakajaa uani. Mama Tumaini hakubishana. Alimlowesha mwanawe nywele kwa mafuta, akazichana kwa kichanuo cha meno ya kubanana, akikifuta kila mara kwenye kitambaa cheupe. Hakutoka hata mmoja.

"Haya Mama Neema, kaa na wewe," akasema. "Si mnalala kitanda kimoja?"

Nikakaa, nikicheka kwa dharau. Kichanuo kilipita mara moja tu, na kwenye kitambaa wakaonekana wawili, wanene, wanatembea bila haraka.

Kati ya majirani wale, mteja wangu mmoja akajishika kichwa.

"Dada," akaniuliza, "si jana tu umenisuka?"